Jibu la Kilizamatete

Kuna watu wanaosema Bibi Masikio aliwahi kumsikia sisimizi akibadili mawazo. Huo ni uongo. Alichosikia ni sisimizi kugeuka njiani, basi. Sababu za safari ya sisimizi hakuzijua na hakudai kuzijua. Watu wakiamua kukusifu, hukutwika hata mzigo wa jirani.

La kweli ni kwamba kwa miaka ishirini na mitano alikuwa opereta wa simu, enzi zile ukitaka kuongea na mji wa pili ni lazima umwombe mtu akuchomekee waya. Alijua kwa pumzi peke yake nani anapiga kuposa na nani anapiga kuvunja, hata halo haijatamkwa. Mitambo mipya ilipokuja, nyaya zikang'olewa, masikio yale yakabaki hayana ajira, na mwenyewe akawa anakaa mlangoni akiwasikiliza majirani watatu kwa wakati mmoja bila kugeuza shingo. Mtaa mzima ulishusha pumzi Kamisheni ya Pamoja ilipomchukua.

Kamisheni hiyo ilikuwa ya nchi mbili zilizogawana kinamasi kimoja. Mpaka ulipita katikati ya matete, ingawa ukienda kuutafuta huuoni. Matete ya huku na ya kule yamefungamana kama nywele za mapacha waliolala kichwa kwa kichwa. Nchi hizo zilitaka kujua ni viumbe gani bado wanaishi mle, na zikakubaliana kusikiliza badala ya kutazama, kwa sababu ndani ya matete jicho ni mgeni, sikio ndilo mwenyeji. Kila upande ukafunga kinasa sauti juu ya nguzo, kikinasa usiku na mchana, na kila upande ukamweka mtu mmoja wa kusikiliza kilichonaswa na kujaza fomu: mnyama gani, saa ngapi, milio mingapi. Pembeni kabisa palikuwa na safu nyembamba iliyoandikwa "Maoni".

Zilikubaliana pia kutoaminiana kwa utaratibu. Fomu za kila upande zilipanda hadi mji wake mkuu zikagongwa mhuri, zikavuka hadi mji mkuu wa pili zikagongwa mwingine, ndipo zikateremka hadi kituo cha ng'ambo. Vituo vyenyewe vilitazamana, mwendo wa saa moja kama pangekuwa na mahali pa kukanyaga, lakini fomu ilichukua wiki sita. Wasikilizaji hao wawili walikatazwa kupigiana simu, kwa kifungu cha tisa cha mkataba, ili mmoja asije akamtia mwenzake maneno masikioni. Nchi hizo zilibadilishana pia nakala za sauti, ila nakala hizo zilifungwa kwa lakiri na kuwekwa kabatini, ziwe ushahidi siku ugomvi ukitokea. Ugomvi haukutokea. Kabati halikufunguliwa.

Chumba cha Bibi Masikio kilikuwa na meza moja, feni moja yenye kikohozi, na dirisha lililotazama ukungu. Alikuwa akivaa hedifoni zake asubuhi, akafumba macho, na dunia ikaanza kujipanga upya. Chumba kilijaa maji hadi kifundo cha mguu. Vyura walipanda juu ya mafaili. Mdiria, yule ndege mvuvi, alitua kwenye kona ya meza, akajikung'uta, akaloanisha karatasi za serikali. Mfagiaji wa ofisi anaapa kwamba siku moja alikuta yungiyungi limechanua kwenye kikombe cha chai cha mama huyo, na alilimwaga kwa bahati mbaya. Mimi sikuwepo, lakini mfagiaji ni mtu wa ibada.

Bibi Masikio hakumjua msikilizaji wa ng'ambo kwa jina wala kwa sura. Alimjua kwa safu ya Maoni. Ilianza mwaka wa kwanza, pale Bibi Masikio alipoona kwenye fomu za kule kwamba bundi wanawinda saa saba mchana, akashindwa kujizuia, akaandika pembeni: "Bundi wenu hawana aibu?" Baada ya miezi mitatu jibu likarudi, lina mihuri minne: "Bundi wetu ni waungwana. Safisheni miwani." Tangu hapo wakawa watani. Aliandika kwamba vyura wa kule wanaimba kama wanadaiwa ada. Akajibiwa kwamba vyura wa huku wameajiriwa serikalini, wanalia saa za kazi tu. Wizara mbili ziligonga mhuri matusi hayo yote bila kuyasoma.

Na kweli, fomu za ng'ambo zilikuwa za ajabu. Kila kiumbe kule kilionekana kupindua siku yake. Mdiria alivua saa sita usiku, popo walitoka baada ya chakula cha mchana. Ofisini watu walicheka wakasema nchi ile hata ndege wake wana matatizo. Daktari wa Ndege, mtaalamu wa Kamisheni, ambaye hakuwahi kumtibu hata kuku, hakucheka. Aliandika kitabu cha kurasa mia mbili kueleza kwa nini wanyama wa ng'ambo wamepindua usiku na mchana. Alisema ni upepo.

Sasa, katika kinamasi hicho aliishi ndege anayeitwa kilizamatete. Kumwona hakuna aliyemwona; ana rangi ya matete, na akisikia hatua husimama wima, akayumba yanapoyumba. Lakini sauti yake hujui uiweke wapi. Ni kama mtu anapuliza mdomo wa chupa tupu, mbali, ndani ya nyumba ambayo uliishi zamani. Dume huita alfajiri, milio mitatu. Jike, kama yupo, hujibu miwili. Vitabu vyote vinakubaliana juu ya hilo, hata cha Daktari.

Miaka mitatu Bibi Masikio alimsikia dume. Kila alfajiri, saa kumi na mbili na dakika chache, milio mitatu. Jibu hakusikia hata siku moja. Ng'ambo nako fomu zilileta "kilizamatete, milio miwili", lakini ziliandikwa 12:05, 12:08, na kompyuta ya Kamisheni ikasoma saa sita za usiku. Daktari akaikata milio hiyo kila mara kwa wino mwekundu. Kilizamatete haiti usiku, alisema. Huyo ni bundi mwenye mafua.

Jumatatu moja Mratibu wa Kamisheni, mwanamume mpole aliyetembea kama anaogopa kuiamsha sakafu, alimletea Bibi Masikio karatasi ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mkataba ulitoa miaka mitatu, na miaka imetimia. Dume mmoja asiye na jike si kizazi, ni kumbukumbu. Kwa hiyo kwenye daftari la nchi zote mbili ataandikwa AMETOWEKA, vinasa sauti vitahamishiwa mlimani, na kinamasi, kwa kuwa hakina tena kiumbe kinacholindwa, kitachimbwa mfereji kikaushwe. Mashine zilikwisha kufika. Zilikuwa zimeegeshwa nyuma ya shule, njano, zimeinamisha shingo. Kilichobaki ni sahihi za wasikilizaji wawili. Wajumbe wa nchi zote watakuja Ijumaa.

Alimwambia Mratibu kwamba amemsikia ndege huyo jana. Mratibu akasema, kwa huruma ya kweli, kwamba hilo halina ubishi, na kwamba daftari halina safu ya ndege aliyeko lakini yuko peke yake.

Jioni hiyo Bibi Masikio alilirudia jambo hilo kwa dada yake mkubwa, aliyeishi naye. Dada huyu alikuwa kiziwi wa sikio moja na mbishi kwa yote mawili. Ilibidi aelezwe mara mbili, mara ya pili kwa kupigiwa kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kisha akaweka kikombe chini.

"Marehemu shemeji yako alikuwa akiniita kutoka uani, namjibu kutoka jikoni, na bado anakuja kunung'unika kwamba sijibu," alisema. "Nilikuwa najibu. Yeye ndiye alikuwa kasimama pabaya. Habari za huyo jike umemuuliza aliye upande wa jikoni?"

Bibi Masikio alikaa akitazama mvuke wa chai ukipanda, na katika mvuke aliona matete, na matete yalikuwa na pande mbili.

Jumanne asubuhi alivunja kifungu cha tisa. Maopereta wa simu ni ukoo mmoja, mpaka hauwajui. Alimpigia mwenzake wa zamani, aliyempa mwenzake mwingine, na baada ya dakika kumi simu ililia katika chumba asichowahi kukiona. Ikapokewa na sauti ya mwanamume aliyekuwa akitafuna kitu.

Bibi Masikio alijitambulisha kuwa ndiye anayemwandikia kwenye Maoni. Kule kutafuna kukakoma.

"Yule wa bundi?"

"Ndiye."

"Siku zote nilidhani wewe ni mwanamume," alisema Mtani. "Matusi yako yana ndevu."

"Na ya kwako yana meno mawili. Sikiliza, mtani, leo sitanii. Yule kilizamatete wako huita saa ngapi?"

"Nimeandika. Saa kumi na mbili na dakika tano, nane, hivyo. Nikiwa napiga mswaki."

"Unapiga mswaki usiku wa manane?"

"Usiku wa manane nimelala kama binadamu wengine. Saa kumi na mbili, mama. Alfajiri. Kwenu alfajiri mnaiita nini?"

Bibi Masikio alitazama fomu ya ng'ambo iliyokuwa mbele yake: 12:05. Akatazama ya kwake: 6:05. Ndiyo saa kumi na mbili hiyohiyo. Mdomo wake husema kumi na mbili, mkono huandika sita, na maisha yake yote kichwa hakikuona ajabu, kama sisi sote. Akamuuliza, polepole, alikiwekaje kinasa sauti chake saa. Mtani akaeleza kwa fahari kwamba saa ya mkononi hana, ila ana redio. Kila anapobadili betri husubiri taarifa ya habari. Mtangazaji akisema sasa ni saa mbili kamili asubuhi, naye hubonyeza mbili kamili. Miaka mitatu hajachelewa hata sekunde.

"Hukuchelewa sekunde," alisema Bibi Masikio. "Umechelewa saa sita."

Opereta mzoefu alijua kinachoendelea upande wa pili wa waya: mtu anahesabu kwa vidole. Kule ng'ambo bundi walirudi usiku mmojammoja, na mdiria mchana. Upepo wa Daktari ukatulia.

Kisha Mtani akauliza kwa sauti ndogo kama ina maana kwamba yule wake si bundi mwenye mafua. Bibi Masikio akamwambia hajui bado. Akakata simu, akaenda kwenye kabati la chuma, akavunja lakiri.

Alichagua asubuhi moja ya masika iliyokuwa na radi. Aliipenda radi hiyo kwa sababu ya kazi: ilikuwa ngurumo moja tu, kubwa, na lazima ilisikika pande zote mbili. Aliitafuta kwenye sauti ya kwake, akaitafuta kwenye sauti ya ng'ambo, akazilinganisha kama fundi cherehani anavyolinganisha pindo mbili kabla ya kushona. Sauti ya huku akaiweka sikio la kushoto. Ya ng'ambo akaiweka la kulia. Akafumba macho.

Ngurumo ilipasuka katikati ya kichwa chake, mahali pasipo nchi.

Baada ya hapo alikuwa amesimama kinamasini, si ukingo huu wala ule. Maji yalimfika kiunoni wala hayakumlowesha. Kushoto matone yalidondoka kutoka kwenye nguzo anayoijua. Kulia alisikia kitu kigeni, kengele ya baiskeli, mlango wa bati, mtu akisukutua kinywa na kutema, na alijua huyo ni Mtani na mswaki wake, miezi saba iliyopita, akiwa hai katika alfajiri iliyokwisha kupita. Ukungu ulimpitia shavuni. Kushoto, milio mitatu.

Alingoja. Miaka mitatu alikuwa anaandika fomu mara milio hiyo inapokwisha. Sasa hakuwa na kalamu mkononi. Ukungu ulivuka mpaka taratibu, bila kitambulisho.

Kulia, milio miwili.

Kushoto tatu. Kulia mbili. Hawakuingiliana hata mara moja. Walipeana nafasi kama wazee wawili wanaosimulia kisa wanachokijua wote. Aliendelea kusikiliza hadi mfagiaji alipoingia akamkuta machozi yanamchirizika, akauliza kama amefiwa. Akasema hapana, kuna watu amewakuta nyumbani.

Ijumaa wajumbe walifika, mmoja kila upande wa meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji na kalamu yake nzito. Daktari wa Ndege alikuja na nakala sita za kitabu chake. Mtani naye aliletwa kutia sahihi: mtu mfupi, shati limepigwa pasi mbele tu. Walitazamana na Bibi Masikio kama watu waliogombana miaka mitatu kupitia ukuta. Akamnong'oneza kwamba alimtegemea awe mnene. Mtani akasema yeye alitegemea mabaya zaidi.

Mratibu alisukuma karatasi mbele yake. Bibi Masikio akaweka kalamu juu yake, kwa ulalo, akasema hatasaini. Akasema pia, kabla hajaulizwa, kwamba amepiga simu ng'ambo na amevunja lakiri ya Kamisheni, na kwamba anajua adhabu yake ni kufukuzwa kazi. Aliomba dakika tano kabla ya kufukuzwa.

Mratibu alianza kusoma kifungu cha tisa kwa huzuni. Mjumbe wa ng'ambo, mama mmoja aliyevaa miwani juu ya nywele, alimkatiza akasema dakika tano si nyingi, mashine zimeegeshwa, hazina pa kwenda.

Bibi Masikio akaweka spika moja ncha hii ya meza. Mtani akabeba nyingine hadi ncha ya pili. Wakatazamana, wakahesabu pamoja, wakabonyeza.

Ngurumo ikapita juu ya meza, chupa za maji zikatetemeka. Kisha ncha ya huku ikaita. Wajumbe wote wakageukia huku. Ikafuata nafasi, ndefu, isiyo na adabu kwa mkutano rasmi. Ncha ya kule ikajibu. Wakageukia kule. Mara ya tatu hakuna aliyegeuza kichwa. Walikuwa wamefumba macho, wote, na wanasema mjumbe wa nchi hii alivua viatu chini ya meza. Mimi nilisikia kwamba dari lilianza kutona. Hilo siliapii.

Ilipokwisha, Daktari alisema kwa sauti ya mtu anayeongea na kaburi kwamba saa haziafikiani. Mtani akamweleza habari ya redio. Daktari aliikubali kwa kukifunga kitabu chake na kukikalia.

"Kwa hiyo dume ni wetu," alisema mjumbe wa nchi hii.

"Na jike ni wetu," alijibu mama wa ng'ambo. "Na sikumbuki mtu alikuja kumposa."

Hapo ndipo mkutano ulipoanza kweli. Ukadumu hadi alasiri, na watu wakaongea kama wakwe wanavyoongea, yaani kwa heshima nyingi na ubishi usiokwisha. Mayai ni ya nani? Makinda yakiruka yataandikwa wapi? Jambo moja halikubishaniwa: huwezi kukausha nyumba ya mkweo. Neno AMETOWEKA lilipigwa mstari na wasikilizaji wote wawili, kila mmoja nusu yake. Juu yake waliandika: "Wapo wawili, wanaongea." Mratibu alisema maneno hayo si ya kitaalamu, kisha akayagongea mhuri.

Bibi Masikio hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, na kwa kuwa kosa lilihusu nchi mbili, barua ilipelekwa kwa njia iliyowekwa. Ilikuwa bado haijafika mashine za njano zilipoondoka, zikipita barabarani mojamoja na kutimua vumbi.

Jumapili yake alimwamsha dada yake kukiwa na kiza chepesi, wakaenda hadi mwisho wa ubao unaoingia kinamasini. Dada alilalamika njia nzima kuhusu umande, magoti, na watu wanaoamsha wazee kwa ajili ya kuku wa majini. Kisha akanyamaza, kwa sababu ukungu ulikuwa umewafika kifuani na ubao haukuonekana tena; walisimama juu ya weupe mtupu. Karibu sana, matete yakaita, mara tatu.

Hilo hata dada alilisikia, kwa miguu. Akamshika mdogo wake mkono.

"Amejibiwa?"

"Sijui. Kutoka hapa haifiki."

"Na hayo masikio yako yote?"

"Hayafiki, dada."

Wakasimama, vikongwe wawili wenye pindo zilizolowa, hawasikii kitu. Upande wa pili hakukuwa na sauti yoyote, ni maji tu na mwanga uliokuwa ukianza kuwa wa njano. Dada alifungua mdomo kusema twende nyumbani. Lakini ndani ya matete, pale ambapo hawakuweza kuona, kuna mmoja aliyekuwa amesikia vizuri, kwa maana alipumua kidogo, kama mtu anayesema enhe, halafu akaendelea kuita.